Sokwe wa Rubondo

Katika riwaya yake ya mwaka 1903, Jack London anasimulia mbwa wa nyumbani aliyejifunza kuishi porini. Sisi wa Ziwa Victoria tunacho kisa cha kweli. Kati ya 1966 na 1969, sokwe 17 waliotoka vizimbani Ulaya waliachiwa kisiwani Rubondo. Hawakufundishwa kwanza. Msituni walijifunza kutafuta chakula na kujenga viota, na uzao wao upo hadi leo.

Kijana mmoja aliyetoka gerezani aliomba kuimba kwaya. Nilimwambia asubiri, tumwone kwanza amebadilika. Hakurudi.

Wapendwa, nilikosea. Hakuna ajifunzaye uhuru akiwa kizimbani. Kristo alitufungulia tungali wenye dhambi; sisi tunamfungia nani mlango?