Mvukuto wa Mtoto

Msomaji, watu wasimamao kando ya njia kutazama mashindano ya baiskeli wana kazi ndogo sana. Hungoja saa nyingi juani. Kisha waendeshaji hupita kwa mvumo wa upepo na mlio wa minyororo, na kabla mtu hajamtambua wa kwanza, wa mwisho amekwisha pita. Mtazamaji hupiga makofi akarudi shambani. Hapana amwombaye zaidi ya hayo, tena zaidi ya hayo amekatazwa. Katazo hili nataka tulifikiri pamoja, maana siku moja, katika kijiji kidogo cha Ufaransa, lilivunjwa na mtoto.

Kijiji hicho chaitwa Sainte-Marie-de-Campan, nacho kiko chini ya mlima Tourmalet, katika safu ya milima itengayo Ufaransa na Hispania. Tarehe 9 Julai 1913 mashindano ya kuzunguka Ufaransa, yaitwayo Tour de France, yalikuwa yakipita huko. Safari ya siku hiyo ilitoka Bayonne kwenda Luchon, mwendo wa kilomita 326, kwa baiskeli nzito, juu ya njia za mawe na vumbi. Eugène Christophe, kijana wa miaka 28, alikuwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda. Alipokuwa akiteremka Tourmalet, uma wa mbele wa baiskeli yake, yaani vile vyuma viwili vishikavyo gurudumu, ulivunjika.

Kanuni ya mashindano ilikuwa kali na wazi. Kila mshindani sharti atengeneze chombo chake mwenyewe, pasipo msaada wa mtu. Christophe akajitwika baiskeli begani, akateremka kwa miguu zaidi ya kilomita kumi, huku aliokuwa amewaacha nyuma wakimpita mmoja mmoja, hata akafika kijijini na kuonyeshwa karakana ya mhunzi. Heri yake alipata kuwa fundi wa makufuli, na chuma alikijua. Mhunzi akasimama asiguse kitu. Waamuzi nao wakasimama, wakichunga asije akagusa. Lakini mfua chuma ana mikono miwili tu: mmoja washika chuma, wa pili washika nyundo. Nani atavukuta moto? Mtoto mmoja wa kijijini akaushika mvukuto, akavukuta. Kazi ilipokwisha, saa zaidi ya tatu zilikuwa zimepotea. Na waamuzi wakamwongezea Christophe dakika kumi kwa kosa la kusaidiwa. Baadaye dakika hizo zilipunguzwa zikawa tatu.

Je, walitenda haki?

Najua jibu litakalokujia upesi, kwa kuwa ndilo lililonijia mimi: waamuzi wale walikuwa na mioyo ya mawe. Lakini usiseme hivyo kabla ya kuitazama kanuni yenyewe na sababu yake. Kama msaada ungeruhusiwa, mwenye mali angeweka mafundi katika kila kijiji, na baiskeli mpya katika kila kona, na maskini aliyetegemea miguu yake tu angeshindwa kabla ya kuondoka Paris. Kanuni ile ilimlinda mnyonge. Na kanuni imlindayo mnyonge leo itamlindaje kesho, ikiwa twailegeza kila mara machozi yatulengapo? Yule mhunzi aliyekunja mikono yake, naye alijua angeweza kuimaliza kazi ile haraka, huenda alifanya jambo gumu kuliko wote waliokuwamo humo.

Nawe unaijua hali hii. Katika chumba cha mtihani rula ya mwenzako yavunjika, nawe unazo mbili. Kumpa rula si kumpa jibu. Hata hivyo hunyanyuki kumpelekea, bali wamwinulia msimamizi mkono. Unatambua kwamba, mbele ya mtu aliye mbali, mkono upelekao rula na mkono upelekao jibu hufanana.

Basi sheria ilikuwa na akili. Lakini sheria yenye akili yaweza kutumiwa bila akili, na hapa ndipo ninapoachana na waamuzi. Sisemi hivyo kwa sababu kanuni ile iliondolewa baadaye. Siku hizi magari hufuata nyuma yakiwa na baiskeli za akiba juu, na mafundi hushuka mbio kumhudumia mwendeshaji. Lakini kufutwa kwa sheria hakuthibitishi kwamba walioifuata zamani walikuwa wadhalimu. Sisemi hivyo pia kwa sababu hasara ilikuwa kubwa. Mtu aliyekwisha poteza saa tatu hapungukiwi sana na dakika kumi, na mashindano yale alishinda Philippe Thys wa Ubelgiji, dakika hizo ziwepo zisiwepo. Neno langu ni jingine. Waamuzi walikuwamo karakanani. Walimwona mtoto akisogea. Walijua kanuni, naye hakuijua, au kama aliisikia hakupata umri wa kuipima. Neno moja tu lingetosha: "Mwanangu, acha." Hawakulisema, wakaangalia kosa likizaliwa, likakua, likakamilika, ndipo wakaliandika. Mlinzi aonaye mtu akielekea shimoni, akangoja aanguke ili amhesabu miongoni mwa walioanguka, analinda nini?

Tena mtoto yule alifanya lile ambalo wazee wetu wangemwadhibu kwa kutolifanya. Katika nyumba zetu mtoto amwonaye mtu mzima akihangaika na kazi, naye akasimama mikono nyuma kama mgeni, huitwa mara moja na kuulizwa kama hana macho. Wanakijiji wa Kenya wamezoea kuyasukuma magari ya Safari Rally yaliyokwama matopeni, na hapana awaitaye wakosaji, hushangiliwa. Huko mchezo wenyewe umemwachia mtazamaji nafasi ya kuwa jirani. Pale Sainte-Marie-de-Campan nafasi hiyo haikuwapo, na mtoto hakuambiwa kwamba kwa saa kadha kijiji chake kilikuwa kimegeuka uwanja wa watu wengine, wenye wema na ubaya wao wenyewe.

Pengine utaniuliza, ingekuwaje kama mtoto angeambiwa aache, na moto ukazimika? Nakubali: Christophe angevukuta, akaacha, akafua, akarudi kuvukuta, na labda saa tatu zingekuwa tano. Ningeona huruma zaidi na malalamiko machache zaidi.

Christophe hakupata kushinda Tour de France kamwe. Mwaka 1919 ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa fulana ya manjano ya kiongozi, akaongoza hadi safari iliyotangulia ile ya mwisho, na uma wa baiskeli yake ukavunjika tena. Akatengeneza tena kwa mikono yake, akamaliza wa tatu. Safari hii watu wa Ufaransa walimchangia fedha, huenda wengi wao wakiwa wale waliosimama kando ya njia wakamwona kwa nukta chache tu. Hapana mwamuzi aliyewaandikia kosa, maana mashindano yalikuwa yamekwisha.