Redio ya Umma na Haki ya Wachache

Mwaka 2005 WETA, redio ya umma ya jijini Washington, iliacha muziki wa klasiki wa Ulaya ikageukia habari na mijadala, kwa kuwa habari zilivuta wasikilizaji wengi zaidi. Anayetetea uamuzi huo ana hoja nzito. Redio za umma za Marekani hutegemea sana michango ya wasikilizaji. Kwa nini fedha za wengi zigharimie ladha ya wachache, ambao baadhi yao wanamudu tiketi za ukumbini?

Lakini hesabu humjua yule tu aliyekwisha kusikiliza. Haimjui mfagiaji wa ofisi ambaye usiku, akitafuta stesheni nyingine, hukutana na Bach bila kukusudia. Mwenye tiketi ana mlango mwingine, mfagiaji hana. Intaneti nayo humpa mtu alichoomba, na hakuna aombaye asichokijua.

Januari 2007 WGMS, redio ya kibiashara iliyokuwa ikipiga muziki huo mjini humo, iliuacha, WETA ikaurejesha. Mfanyabiashara ana haki ya kuondoka faida inapokoma, maana hakuahidi zaidi. Chombo cha umma kimeahidi. Umma ni wengi pamoja na wachache, na hata yule ambaye bado hajajua atapenda nini. Kabla ya kuufunga mlango, basi, mwenye ufunguo hana budi kuuliza ni nani asiye na mlango mwingine.