Kidani cha Shanga na Dhahabu: Kitu Kimoja au Vingi?

Kidani kilichotungwa kwa mkono kwa shanga za kioo, udongo uliochomwa, mfupa na vipande vya shaba huibua swali ambalo wanafalsafa na mafakihi wamelishughulikia kwa karne nyingi: je, hicho ni kitu kimoja, au ni vitu vingi vilivyoshikwa na uzi? Vipande hivyo vikichovywa dhahabu, au vikipakwa unga unaong'aa kama fedha, hujitokeza swali la pili, gumu zaidi kwa mwenye dini: kitu kina haki gani ya kuonekana vile ambavyo ndani sivyo kilivyo?

Mtunga shanga mara nyingi huanza kazi yake pale mwenzake alipoishia. Wakrobo wa kusini mashariki mwa Ghana husaga chupa kuukuu mpaka zikawa unga, kisha huumimina unga huo katika kalibu za udongo zenye vishimo. Katikati ya kila kishimo husimamishwa kijiti cha jani la muhogo. Tanuruni kioo huyeyuka na kushikana, kijiti huungua kikaisha, na pale kilipokuwa hubaki tundu la kupitishia uzi. Tundu la ushanga huo ni nafasi ya kitu kisichokuwepo tena, na bila nafasi hiyo ushanga usingefaa kwa kidani. Nairobi nako, katika kiwanda cha Kazuri kilichoanzishwa Karen mwaka 1975, shanga hufinyangwa kwa udongo, hupakwa rangi moja moja na kuchomwa. Anayezinunua ili azichanganye na shaba na mfupa hupokea kazi iliyokwisha kumalizika, na kwake ndiyo kwanza inaanza. Aristotle alifundisha kuwa kila kitu kilichotengenezwa kina maada na umbo. Katika mapambo ya mchanganyiko hali hiyo hupangana kwa ngazi: umbo alilolitoa fundi wa kwanza huwa maada ya fundi wa pili. Kuuliza ni yupi kati yao aliyekitengeneza kidani ni kuuliza vibaya.

Swali la umoja wa kidani liliulizwa kwa namna ya kibiashara kabisa huko Khaibar, kaskazini mwa Madina, mwaka wa 7 wa Hijria. Sahaba Fadhala bin Ubaid alinunua kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipokifumua na kutenga dhahabu na shanga, alikuta dhahabu peke yake inazidi dinari 12. Habari ilipomfikia Mtume, jibu lilikuwa kwamba kitu cha namna hiyo kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Dinari moja ina uzito wa gramu 4.25 hivi, kwa hiyo fedha iliyolipwa ilikuwa kama gramu 51 za dhahabu, na dhahabu iliyopokelewa ilikuwa zaidi ya hapo, na shanga zikawa nyongeza. Sheria ya riba inataka dhahabu ibadilishwe kwa dhahabu uzito kwa uzito, mkono kwa mkono. Uzi wa kidani ulikuwa umeuficha uzito.

Mafakihi hawakulisoma tukio hilo kwa namna moja. Mashafii, ambao ndio wengi katika mwambao wa Afrika Mashariki, walilichukua jibu kama lilivyo: mchanganyiko wa dhahabu na kitu kingine hauuzwi kwa dhahabu, hata wahusika wakiridhiana, kwa sababu hakuna ajuaye sehemu gani ya bei inakwenda kwenye dhahabu na ipi kwenye shanga. Mahanafi walisema biashara inafaa ikiwa dhahabu ya bei inajulikana kuzidi dhahabu ya kidani. Ile ya ziada huhesabiwa kuwa bei ya shanga. Malik naye aliangalia kilichotawala: upanga uliopambwa, kwa mfano, wenye dhahabu isiyozidi theluthi ya thamani yake, aliuchukua kuwa upanga, na dhahabu ikafuata hukumu yake. Chini ya fatwa hizo tatu kuna falsafa tatu. Kwa Shafii, kutungwa pamoja hakuvifanyi vitu kuwa kimoja. Kwa Hanafi, kitu ni jumla ya sehemu zake, na jumla inaweza kupigiwa hesabu bila kukata uzi. Kwa Malik, kitu ni kile ambacho mtu wa kawaida angekitaja akiulizwa, "Umeshika nini?" Siku hizi ambapo kidani hununuliwa kwa shilingi na si kwa dinari, sharti la uzito halipo tena, lakini njia hizo tatu za kukitazama kidani bado zinafaa.

Ikumbukwe kuwa uzi ndio kifungo chepesi kuliko vyote katika sanaa hii. Unakatwa kwa mkasi na kila ushanga hurudi kuwa peke yake, na tasbihi iliyokatika hutungwa tena kwa uzi mpya na mwenyewe akaendelea kuiita ile ile. Kuna vifungo vizito zaidi. Dhahabu ya karati 18 ni sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, na zilizobaki ni shaba au fedha. Hapo mchanganyiko umeingia ndani kabisa na hakuna jicho linaloutenga. Sonara huikwaruza kwenye jiwe jeusi, akatia tindikali, akasoma alama inayobaki. Katikati ya uzi na mchanganyiko wa karati kuna utando: ngozi nyembamba ya dhahabu juu ya kitu kingine. Hapa ndipo mashaka ya kidini yalipokaa muda mrefu.

Waswahili husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kijisanduku kile kilichopambwa na kupakwa rangi kimekuwa mfano wa mtu mwenye sura njema na moyo mtupu, na mwenye kuisikia methali hiyo akiitazama bangili ya kuchovya hupata hukumu iliyo tayari. Lakini maandiko hayaendi upande mmoja namna hiyo. Katika kitabu cha Kutoka, Musa anaamrishwa kutengeneza sanduku la agano kwa mti wa mshita na kulifunika kwa dhahabu safi, ndani na nje. Chombo kitakatifu kuliko vyote vya Waisraeli kilikuwa, kwa maneno ya mtaani, cha kupaka. Isaya anapowakejeli waabudu sanamu, anamtaja mfua dhahabu anayeifunika sanamu kwa ufundi ule ule. Ufundi ni mmoja, kazi moja imeamrishwa na nyingine imelaaniwa, kwa hiyo kosa halikuwa katika kufunika. Walimu wa Kiyahudi katika Talmud walizingatia yale maneno "ndani na nje" wakatoa funzo kwamba mwanachuoni ambaye ndani yake si kama nje yake si mwanachuoni. Funzo ni zuri, ingawa katikati ya dhahabu ya ndani na dhahabu ya nje mti ulikuwa bado upo.

Sheria ya Kiislamu iliuendea utando kwa njia ya karakana. Mwanamume amekatazwa kuvaa dhahabu, na kutumia vyombo vya dhahabu kumekatazwa kwa wote. Basi je, pete ya shaba iliyopakwa dhahabu ni ya dhahabu? Katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho makadhi wa pwani walikitegemea sana, chombo kilichopakwa kinaruhusiwa kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Wafafanuzi wake waliweka mpaka: kipashwe moto. Ikiwa dhahabu itajikusanya na kupatikana kitu, kitu hicho kina hukumu ya dhahabu. Ikiwa hakuna kinachopatikana, ile ni rangi tu. Tendo lenyewe la kupaka walilihesabu kuwa ovu kwa sababu ya kupoteza mali, ila matokeo yake yakawa na hukumu nyingine. Si kila mahali ambapo sheria hutenganisha kwa makini namna hii kati ya kufanya kitu na kukitumia kilichokwisha kufanywa.

Moto huo ulikuwa na maana kwa dhahabu ya zamani, iliyopakwa ikiwa imechanganywa na zebaki kisha zebaki ikafukuzwa kwa joto, kazi iliyowaua mafundi wengi taratibu kwa mvuke wake. Mwaka 1840 George na Henry Elkington wa Birmingham walipata hataza ya kuchovya kwa umeme, na utando ukawa mwembamba kwa kiasi ambacho mafakihi wa kale hawakukiona. Chukua ushanga wa shaba wa duara wenye kipenyo cha milimita 8, uliochovywa kwa unene wa nusu mikroni. Dhahabu iliyo juu yake ni chini kidogo ya miligramu 2. Kidani chenye shanga 50 za namna hiyo hakifikishi hata sehemu ya kumi ya gramu. Moto wa sonara hautakusanya chochote hapo. Tindikali za maabara zinaweza, na kuna viwanda vinavyotoa dhahabu katika mabaki ya kompyuta kwa njia hiyo. Je, mpaka umehama? Inaelekea haukuhama. Moto katika fatwa ile haukuwa chombo cha kuhesabia chembe. Ulikuwa kipimo cha mtu aliyesimama mbele ya tanuru akitaka kujua kama ana mali mkononi au hana.

Upo pia mng'ao usio na dhahabu wala fedha hata chembe. Unga mwingi unaopakwa juu ya shanga za udongo ili zionekane za dhahabu hutokana na ulanga, madini ya tabaka nyembamba ambayo yaliwahi kuchimbwa milima ya Uluguru. Vipande vidogo vya ulanga huvikwa oksidi ya titani au ya chuma, na unene wa vazi hilo ndio unaoamua kama mwanga utarudi kwa rangi ya dhahabu, ya fedha au ya waridi. Kwa mizani ya moto pambo hilo halina neno: mwanamume akilivaa hajavaa dhahabu. Swali linalobaki ni la jina. Akiliuza kama dhahabu amedanganya, na udongo haukudanganya.

Hadithi ya rundo la nafaka sokoni inalikata swali hilo vizuri kuliko methali ya mkakasi. Mtume alitia mkono ndani ya rundo lililokuwa kavu juu, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji alieleza kuwa mvua iliinyeshea. Hakuambiwa aitupe wala asiiuze. Aliulizwa kwa nini hakuiweka ile mbichi juu watu waione. Mtengenezaji wa bangili za shaba anayeacha sehemu ya ndani ya bangili bila kuchovya, wekundu wa shaba ukaonekana kila inapovuliwa, ameiweka nafaka mbichi juu.

Mahali pa mwisho ambapo kidani hufumuliwa, safari hii kwa hesabu, ni kwenye zaka. Mashafii hawatozi zaka pambo halali la mwanamke analolivaa. Likiwekwa kama akiba, linatozwa. Mahanafi hutoza yote mawili. Tuseme kidani kilichowekwa sandukuni kina gramu 130, za shanga zikiwa 34, na dhahabu yake ya karati 21 ikiwa gramu 96. Kiwango cha chini cha kutozwa ni dinari 20, gramu 85. Mshafii huhesabu dhahabu safi tu, akapata gramu 84, na zaka haijafika. Mhanafi huona dhahabu imetawala mchanganyiko, akahesabu gramu 96 zote, na zaka imefika. Shanga hazimo katika hesabu yoyote kati ya hizo mbili. Kidani cha kioo na shaba tupu hakina zaka shingoni wala sandukuni. Lakini kikitundikwa dukani kingoje mnunuzi huwa bidhaa, na bidhaa hutozwa asilimia 2.5 ya bei yake. Hapo kidani huhesabiwa chote kwa pamoja, kuanzia ushanga wa kwanza hadi kifungo, na uzi ukiwemo.