Tulinde Mwisho Wetu

Sifa zote njema anastahiki Allah Subhanahu wa Taala, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la manii, akampa umbo, akampangia na muda. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo:



Likizo iliyopita nilitoka hapa Gitega, nikapita Karuzi hadi Muyinga kumzuru bibi yangu, ambaye amesuka vikapu tangu usichana wake. Nilimkuta na kikapu ambacho mdomo wake haujamalizwa, kwa kuwa vidole havina nguvu tena. Akanisogezea. "Nimalizie, mjukuu wangu. Kikapu hakifumukii tumboni, hufumukia mdomoni." Sikuweza. Miaka yote aliponiita nikae nijifunze, nilimjibu, "Likizo ijayo, inshallah."

Maneno yake yalinirudia tuliposoma habari za ncha za DNA.

Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46. Kila kromosomu ina ncha mbili, na kila ncha ina telomeri, yaani herufi sita, TTAGGG, zilizorudiwa mara nyingi sana. Kazi yake ni ulinzi. Bila telomeri, seli ingedhani ncha ile ni DNA iliyokatika, ikaiunganisha na ncha isiyohusika, na mpango mzima ukavurugika.

Tumezoea kuchora DNA kama ngazi ya nyuzi mbili zilizosokotana. Lakini mwishoni kabisa uzi mmoja hutokeza peke yake, nao una G nyingi. Uzi huo unaweza kujikunja wenyewe: G nne hukaa katika mraba bapa, kila moja ikiishika jirani yake, miraba mitatu hupangwa mmoja juu ya mwingine, na chembe za potasiamu hukaa katikati zikiikaza. Umbo hilo huitwa kwadrupleksi ya G. Martin Gellert na wenzake walieleza mwaka 1962 jinsi G nne zinavyojipanga hivyo. Mwaka 1993 Wang na Patel waliichunguza telomeri ya binadamu katika maji yenye sodiamu, na umbo walilolipata wataalamu huliita kikapu. Mwaka 2002 Parkinson, Lee na Neidle walitumia fuwele yenye potasiamu, wakaona umbo jingine, lenye vitanzi vilivyotokeza kando kama mapanga ya feni. Herufi ni zile zile, mkunjo ni mwingine. Na mwaka 1999 ilionekana kwamba ncha ya telomeri inaweza kurudi nyuma na kujichomeka ndani ya uzi wake, kama msusi anavyoichomeka ncha ya mwisho ili kazi isifumuke.

Subhanallah! Ndugu zangu, nina mambo matatu ya kuusiana.

La kwanza, tuwe wakweli. Tusimwambie mtu kwamba Qur'ani imeitaja kwadrupleksi, haikuitaja. Qur'ani inatuamrisha tutazame ndani ya nafsi zetu, na katika Suratul Mulk tunaambiwa turudie kutazama kama tutaona kasoro. Basi mwanafunzi wa bayolojia asome somo lake barabara, kisha asujudu. Kuipamba dini kwa uongo ni kuivunjia heshima.

La pili, tusidanganyike na ujana. Seli nyingi zinapogawanyika, telomeri hufupika. Leonard Hayflick alionyesha mwaka 1961 kwamba seli za binadamu zikioteshwa maabara hugawanyika kiasi cha mara 40 hadi 60, kisha husimama. Kipo kimeng'enya kiitwacho telomerasi kinachoirefusha telomeri. Ugunduzi huo uliwapa Blackburn, Greider na Szostak Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Je, tukiiwasha kila mahali tutaishi milele? Tazameni: saratani nyingi huiwasha telomerasi hiyo hiyo ili zizidi kugawanyika. Seli iliyokataa kikomo chake huja kuuangamiza mwili uliokuwa ukiilisha. Ndiyo maana watafiti wanatafuta dawa za kuikaza mikunjo ile ili telomerasi ikwame. Nasi tuwaombee, maana Mtume (S.A.W.) alituhimiza kujitibu, akabainisha kwamba uzee ndio usio na dawa. Wala usiupime umri wako kwa telomeri. Makaburini Muyinga, kama hapa Gitega, wamelala vijana ambao telomeri zao zilikuwa bado ndefu.

La tatu, na ndilo kubwa: linda mwisho. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali hutazamwa kwa hatima yake. Na katika Suratun Nahl tumekatazwa kuwa kama yule mwanamke aliyeusokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua mwenyewe. Wangapi wetu tulianza mwaka wa kwanza na Alfajiri ya jamaa? Leo tuko mwaka wa tatu, simu inalia, tunaizima. Hatukuamka siku moja tukaamua kuiacha Swala. Tulifumuka mdomoni, uzi mmoja mmoja, kila mmoja kwa "kesho".

Ewe ndugu yangu, ewe dada yangu, shika leo jambo moja lililolegea: Swala uliyoiacha, deni ulilolificha, mzazi usiyempigia simu. Lichomeke ndani kabla halijafumuka lote.

Mimi kikapu nimekuja nacho Gitega, kipo juu ya meza yangu, bado hakina mdomo. Likizo ijayo, Allah akitupa uhai mimi na bibi, nitakaa chini mbele yake anifundishe.

Ewe Mola wetu, tujaalie mwisho mwema, na uzifanye siku zetu bora kuwa zile za mwisho. Amin.

Wabillahi tawfiq.