Jiwe Linalocheza Ngazini

Ndugu zangu wa Lubumbashi, mvua za Novemba hazijatufikia bado, na udongo ni mkavu. Huu ndio wakati wa kukagua ngazi na kuta za mawe za bustani zetu. Kisa nitakachowasimulia ni cha Unguja, lakini kinatuhusu.

Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, enzi ya Sultani Barghash, kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilianguka, na jumba likafungwa kwa wageni. Hiyo haikuwa dalili ya kufichika. Hata hivyo miaka ilipita, misimu ya mvua ikafuatana, na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulikarabati, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu 2 walifariki.

Maji hayana haraka. Yanapenya kwenye ufa, yanachukua chokaa au udongo kidogo kidogo, na jiwe linabaki mahali pake bila kitu cha kulishika. Kwa macho ukuta ni mzima.

Kwetu dalili ni zilezile, ila ndogo. Jiwe la ngazi linatikisika ukilikanyaga pembeni. Baada ya mvua unakuta mchanga mwembamba chini ya ukuta. Ukuta umefura katikati, au mzizi wa mwembe umeanza kuinua mawe. Tunayaona haya kila asubuhi. Tunamwambia mgeni, "Angalia hapo, jiwe linacheza," kisha tunaendelea na shughuli zetu. Nasema sisi sote, nami nikiwemo, maana kinachoonekana kila siku huacha kututisha. Lakini mama anayepanda ngazi gizani na ndoo ya maji kichwani hana wa kumwonya.

Usipake saruji juu ya ufa ukadhani umemaliza. Ndani bado patupu. Jiwe lililolegea litolewe kabisa, mahali pake pasafishwe, lilowanishwe, kisha lilazwe juu ya saruji iliyojaa chini yake pote. Ngazi iinamishwe kidogo mbele ili maji yasituame. Ukuta unaozuia udongo uachiwe matundu ya kutolea maji, na kila baada ya hatua chache liwepo jiwe refu linaloingia ndani kabisa na kuufunga. Ukuta uliokwisha kufura haurekebishiki kwa viraka: ubomolewe sehemu hiyo na ujengwe upya, na watoto wasicheze chini yake hata siku moja.

Baba, mama, jioni ya leo kanyageni kila ngazi pembeni, mkasukume kila jiwe la juu ya ukuta kwa mkono. Litakalocheza litieni alama, zuieni njia, mkamwite fundi mwashi kabla mvua haijaanza.