Dawa ni Bure, Chakula Je?

Ndugu zangu Waislamu, tumche Allah katika jinsi tunavyoishi na wagonjwa wa kifua kikuu. Kijidudu cha maradhi haya Robert Koch alikitambua mwaka 1882, dawa za kukiua zilianza kupatikana miaka ya 1940, na leo wengi wanaomaliza dozi ya miezi 6 hupona. Hata hivyo, mwaka 2023 peke yake waliokufa walikadiriwa kuwa milioni 1.25 duniani. Kama dawa ipo na watu wanazikwa, basi tutazame wanakoishi: chumba kimoja cha kupanga, watu sita ndani, dirisha halifunguliwi, na miili iliyodhoofika kwa njaa haina nguvu ya kumzuia adui aliyelala ndani yake. Huko Jharkhand, India, watafiti waliwapa watu wanaoishi na wagonjwa mgao wa kila mwezi wa nafaka na vyakula vya jamii ya kunde. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba walioambukizwa wakaugua walipungua kwa karibu asilimia 40, wakilinganishwa na wale ambao hawakupata mgao. Kilichowakinga ni chakula.

Wapo wanaosema: vidonge hospitalini ni bure, asiyepona kajitakia. Nauli je? Na kibarua kinachopotea kila siku ya kliniki? Vidonge vikishuka kwenye tumbo tupu vinachefua, na mtu asiye na uhakika wa mlo huviacha. Kisha inakuja aibu. Dawa hizi hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na mpangaji mwenye choo cha pamoja huhofia siri yake itajulikana kabla hajamwambia mtu. Kwa hofu hiyo wengine hawaendi kabisa kupima. Kikohozi kinapita wiki ya pili, kinamaliza mwezi, na huku kinaambukiza. Anayemnyanyapaa mgonjwa hajajikinga na chochote, amemfundisha kujificha tu. Suratul Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na sijui kwa nini tunadhani katazo hilo linakoma mtu akianza kukohoa.

Nitaambiwa kwamba Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujikinga. Ni kweli, na Sayyidna Umar aligeuza safari ya Sham kwa sababu ya tauni. Alipoulizwa iwapo anaikimbia kadari ya Allah, akajibu kuwa hata anakoelekea ni kadari Yake. Basi tujikinge kwa elimu. Kifua kikuu hupita hewani, hakipiti kwenye kikombe wala sahani, na mgonjwa anayetumia dawa zinazomfaa kwa kawaida haambukizi tena baada ya wiki chache. Tufungue madirisha, tumpeleke akapimwe, tule naye. Na kama njaa ni kadari, shibe nayo ni kadari. Kati ya wanaostahiki zaka, mafakiri na maskini ndio waliotajwa mwanzo katika aya ya 60 ya Suratut Tawba. Mgonjwa aliyepoteza kibarua ni mmoja wao. Kamati ya zaka ya kila msikiti inaweza kuzungumza na kituo cha afya kilicho jirani, kwa ridhaa ya mgonjwa, ikampelekea unga, maharage na mafuta kwa miezi yote 6, yeye na walio nyumbani mwake, bila jina lake kutajwa kwenye kipaza sauti.