Kitambulisho na Uaminifu wa Mlezi

Kitambulisho huthibitisha mtu ni nani, hakithibitishi yukoje. Binti anayeomba kazi ya kulea watoto Mfaranyaki, Manispaa ya Songea, huweza kudaiwa namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA) yenye tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe yake ya kuzaliwa, na barua ya serikali ya mtaa yenye picha ndogo iliyogongewa muhuri ukingoni. Mwajiri mwingine huongeza cheti cha polisi, kinachotolewa baada ya alama za vidole kulinganishwa na kumbukumbu za uhalifu. Lakini ubaya ambao haukuripotiwa haumo katika kumbukumbu, na ubaya anaotendewa mtoto asiyeweza kusimulia ndio hufichika zaidi.

Wanazuoni wa Kiislamu walilikabili swali hili la kumjua mtu yukoje walipochunguza uadilifu wa mashahidi. Husimuliwa kwamba Khalifa Umar alimuuliza mtu aliyemsifu mwenzake kama amewahi kuwa jirani yake, kusafiri naye, au kushughulika naye katika fedha. Alipokana yote, Umar alimwambia kuwa hamjui. Kwa kipimo hicho, barua ya mwenyekiti wa mtaa anayemfahamu binti kweli ina uzito zaidi kuliko kadi. Iliyogongwa muhuri kwa mazoea haina.

Hata hivyo, karatasi si bure. Mwenye jina lililothibitishwa anaweza kutafutwa na kuwajibishwa. Tena kitambulisho cha Taifa kimekuwa kikitolewa kwa waliofikisha miaka 18: anayekikosa huenda mwenyewe bado ni mtoto, anayestahili ulinzi wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.